Inspekta wa Benchi ya Mwisho

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu. Herufi zangu hazisimami sawasawa, nyingine zinalala, na mahali pengine mtaona alama ya kidole chenye mafuta ya mnyororo, maana naandika kazini, kati ya kinga moja na nyingine. Kinga ni baiskeli, kwa wale wasio wa kwetu. Nilisoma shule ya msingi tu na naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili. Mkikuta neno nimelikosea, lipiteni, linalofuata litawasaidia.

Nataka kuandika juu ya mtu mmoja. Sisi watoto tulimwita Papa Inspekta. Walimu walimwita Sitwayeni Inspekta, kwa kuwa ilikuwa Zaire na kila mkubwa alikuwa sitwayeni, yaani raia. Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Alizaliwa wapi na kabila lake gani, sikuuliza. Yeye pia hakutuuliza mambo hayo.

Kazi yake ilikuwa kuangalia shule za msingi za serikali hapa Kalemie, na zile zilizo kando ya reli mpaka Nyunzu. Kabla yake watoto wetu walikuwa wanaanguka mtihani wa mwaka wa sita, shule baada ya shule, na wakubwa wa Lubumbashi wakamtuma yeye azinyanyue. Mtihani ule ndio unaompa mtoto sertifika. Bila sertifika huingii sekondari, na watu wa reli hawakuchukui kujifunza kazi. Unabaki na mikono yako tu. Mimi nimebaki na yangu, ndiyo maana karatasi hii ina mafuta.

Alikuwa mrefu, shingo nyembamba, na abakosti yake, ile koti ya Zaire isiyo na tai, ya rangi ya majivu, ilikuwa na mabega ya mtu mnene kuliko yeye. Mguu wa suruali aliufunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Kengele ya kinga yake haikulia. Alisema aliiharibu mwenyewe ili walimu wasimsikie akija. Haikusaidia. Akivuka daraja la mto Lukuga asubuhi, mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo, anamwona, anamwambia mwenziwe, na kabla hajafika shule ya kwanza, shule ya nne imekwisha fagiwa.

Akifika, kitu cha kwanza aliomba maji. Hakutaka ya nyumbani kwa Direkta, mkuu wa shule. Alitaka ya mtungi wa darasa. Kama mtungi ulikuwa mtupu hakugomba. Aliketi na kungoja. Mwalimu anaanza kujieleza, yeye anangoja. Mwalimu anamaliza kujieleza, anatazama huku na huku, mwishowe anatuma watu kisimani. Inspekta anakunywa, anafuta mdomo, halafu ndipo anasema habari za asubuhi. Sijaona mtu mwingine aliyejua kungoja namna ile. Ilikuwa kama kazi ambayo amejifunza.

Kiti cha Direkta hakukikalia. Alikwenda nyuma kabisa na kukaa kwenye benchi ya mwisho, magoti yake yakifika kifuani, pamoja na wale wasiojua. Alikuwa na neno lake juu ya hilo, na walimu wote walikuwa wamelishika. Alisema: "Treni haiyafika mpaka behewa ya mwisho ifike." Hapa kwetu kila mtu ameona treni ikiingia, kichwa kimesimama mbele ya kituo, watu wanapiga kelele imefika, na mabehewa ya nyuma yako bado porini na watu ndani yake. Kwa hiyo neno lake halikuhitaji maelezo. Shule aliipima kwa benchi ya mwisho. Wale wa mbele wanaoinua kidole na kusema mimi, mimi, hakuwauliza kitu. Aliwaambia: "Weye najua unajua. Pumuzika."

Alipenda kuku. Hilo lazima niandike, kwa sababu watu wakimsifu sasa wanaliacha. Desturi ilikuwa kwamba inspekta akija shule inampikia, na inspekta wengine walioshiba waliandika mazuri. Yeye alikula kuku mpaka akavunja mifupa na kunyonya ndani, akamsifu mpishi, kisha akaandika ripoti kama mtu aliyefukuzwa mezani. Direkta mmoja alilalamika. Akamjibu: "Kuku ni ya mugeni, maksi ni za mutoto." Walimu walicheka neno hilo kwa miezi mingi, lakini hawakuacha kupika.

Alikuwa na kitabu kimoja cha kusoma, cha Kifaransa, kilichovikwa jalada la karatasi ya mfuko wa unga. Kwa kuwa kilikuwa kimoja, walimu walijua kurasa zake zote, na walitufundisha tuzishike kichwani. Tuliziimba kama wimbo. Inspekta alipogundua, alikata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni na kutoboa katikati kidirisha kidogo, upana wa neno moja. Aliweka kadi juu ya ukurasa, popote alipotaka, na likaonekana neno moja tu, peke yake, bila ndugu zake. Hapo wimbo ulikuwa hausaidii.

Halafu aliuliza mara tatu. Neno gani? Maana yake kwa Kiswahili? Uliliona wapi? Hilo la tatu ndilo lililowachosha walimu, maana halikuwa kwenye kitabu chochote. Mtoto mmoja wa darasa letu alipata neno la tembo. Alilisoma vizuri, akasema maana yake. Inspekta akamuuliza tembo alimwona wapi.

"Amechorwa ku sahani ya wageni, Papa Inspekta," akasema. "Lakini siye hatukuliaga humo."

Inspekta alimpa maksi zote tatu.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi aliita walimu wote wa mjini kwenye shule moja. Kila mmoja aje na daftari la mtoto wake wa mwisho, si la yule bora. Walibadilishana. Mwalimu wa shule hii alipeleka nyumbani daftari la mtoto wa shule ile, akalisoma juma zima, kisha akarudi kusema mtoto huyu anakosea wapi na angefanya nini. Mwanzoni waliona haya. Baadaye, mwalimu wetu wa mwaka wa sita alituambia, walianza kugombana juu ya watoto wasiowajua, kila mmoja akisema huyu wako si mjinga, wewe ndiye unakwenda mbio.

Mwalimu wetu huyo ndiye aliyejua habari yangu. Mimi nilikuwa najua kusoma. Nilijua tangu mwaka wa tatu. Lakini sauti yangu haikutoka mbele ya watu. Ilifika hapa, kooni, ikasimama. Nyumbani niliongea na mama na dada yangu mdogo, barabarani niliitikia salamu, ila darasani, macho yakigeuka kunitazama, nilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwalimu hakunipiga. Wakati wengine wametoka, aliinamisha kichwa akaweka sikio karibu na mdomo wangu, nami nikamsomea humo, polepole. Akasema inatosha. Akaniwekea maksi.

Katikati ya mwaka wangu wa sita Inspekta alileta badiliko kubwa kuliko yote. Alisema shule zinaweka walimu hodari mwaka wa sita, karibu na mtihani, na dhaifu mwaka wa kwanza, na kwamba huko ni kujenga nyumba kwa kuanzia bati. Akaamuru mwalimu bora wa kila shule ashuke mwaka wa kwanza. Shuleni kwetu bora alikuwa mwalimu wetu. Alishuka siku ileile. Mwaka wa sita ukashikwa na Direkta mwenyewe, ambaye alikuwa na kazi nyingi, na sikio lake lilikuwa juu sana.

Mwalimu wetu alijaribu. Tuliambiwa na mke wake kwamba Jumamosi moja alimwendea Inspekta akamwambia kuna mtoto anasoma ila sauti yake iko ndani. Inspekta akamjibu: "Basi aitoshe," yaani aitoe nje. Sijui kama alisema kwa ukali au kwa kawaida. Mke wake hakusema.

Tena kulikuwa na ile sheria. Zamani Direkta alipeleka kwenye mtihani kila mtoto mwenye miguu. Aliyejua aliandika, asiyejua alitazama kwa jirani, jirani naye labda hajui. Inspekta aliona huko ni kumtupa mtoto. Akasema mtoto ambaye yeye mwenyewe hajamsikia akisoma kwa sauti, haendi kwenye mtihani. Alifikiri walimu wataona haya kubaki na watoto wasiosikiwa, na hivyo watawafundisha. Mtoto akishindwa siku ya kwanza, alimwambia: nitarudi. Na kweli alirudi. Shule nyingine alirudi mara nne kwa ajili ya mtoto mmoja. Hilo nalijua, si la kusikia.

Sasa nieleze walivyofanya wakuu wa shule. Waliazimana watoto. Walijua Inspekta anauliza benchi ya mwisho, basi siku ya kuja kwake wanaleta msomaji hodari wa shule nyingine na kumkalisha nyuma, na sisi wa nyuma tunapelekwa mbele, mahali ambapo Inspekta haulizi. Ndivyo nilivyokaa benchi ya mbele kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa siku moja tu. Tablo ilikuwa karibu sana na macho, na nilisikia harufu ya chaki.

Aliyeletwa nyuma yetu siku ile alikuwa binti wa shule ya upande wa pili wa reli, mwenye kitambaa cheupe alichofungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Inspekta alikunywa maji yake, akaenda nyuma, akaweka kadi. Binti akasoma neno, akatoa maana, akasema alipoliona. Inspekta hakuandika. Alitazama chini, kwenye kile kidole. Kisha akamuuliza kwa upole: "Mama, juma hili umesoma mwaka wa sita ku masomo ngapi?"

"Tatu, Papa Inspekta. Kesho njo ya ine."

Masomo kwetu ni shule, na ya ine ni ya nne. Darasa zima lilicheka. Direkta alikuwa anatazama dari, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Inspekta naye alicheka, kicheko kidogo cha puani, akasema, "Basi unanipita. Miye siyafika ya ine." Halafu akauliza wenyewe wa benchi hii wako wapi. Vidole vyote vikaelekezwa mbele. Vikaelekezwa kwetu.

Akaja. Tulikuwa watatu kwenye benchi ile. Alianza na mimi kwa sababu nilikuwa karibu na njia. Akafungua kitabu, akaweka kadi, kidirisha kikasimama. Ndani yake kulikuwa na neno *pont*. Ni daraja. Neno la herufi nne. Mtoto wa mwaka wa pili analijua.

"Soma, papa," akaniambia.

Nililiona. Nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nyuma yangu mtu alikohoa kwa kusudi. Direkta akasema Sitwayeni asipoteze muda, huyu ni wa bure, tangu aanze kumfundisha hajasikia hata kikohozi chake. Inspekta hakumgeukia.

"Niko namungoja," akasema.

Akangoja. Kiraka cha jua kilichokuwa kwenye mguu wa meza kilihama kidogokidogo mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Watoto walichoka hata kucheka. Mimi nilitazama neno mpaka likaacha kuwa neno, likawa alama nne tu. Sikuona uchungu. Nakumbuka kwamba sikuona kitu chochote. Mwishowe alifunga kitabu, akatoa daftari lake mfukoni, akaandika jina langu, na pembeni ya jina hakuandika kitu. Niliona nafasi ile. Wenzangu wawili alitaka kuwauliza, lakini mmoja alikuwa ameanza kulia, basi naye akamwandika hivyohivyo, na wa tatu vilevile.

"Nitarudi," akatuambia. Mimi akaniwekea mkono kichwani. "Weye njo wa kwanza siku hiyo."

Nilijifunza. Kila jioni nilikwenda nyuma ya nyumba nikasema *pont, pont, pont* kwa ukuta. Dada yangu alidhani naita mbwa. Nilifikiri akirudi nitafunga macho, niseme bila kuona watu. Nilikuwa na hakika kwamba atarudi, maana wote walijua anarudi. Juma moja likapita, na la pili, na la tatu.

Kisha asubuhi moja, baada ya kupandisha bendera, Direkta alisoma majina ya wanaokwenda kwenye mtihani. Karatasi ilikuwa na muhuri, na chini yake sahihi ya Inspekta, tulionyeshwa. Majina yalisomwa kwa alfabeti. Jina langu lilipita mahali pake bila kutajwa. Ya wale wawili pia. Baada ya hapo tuliambiwa tuingie darasani, na wale wawili na mimi tulibaki tumesimama karibu na mlingoti kwa kuwa hakuna aliyetuambia twende wapi. Mmoja wao aliuliza kama tunaweza kwenda nyumbani. Tukaenda.

Mwaka ule shule yetu ilipita yote. Kalemie ilisifiwa. Direkta alifanya karamu, na wazazi waliitwa kupika, pamoja na mama, kwa sababu dada yangu alikuwa bado anasoma pale. Nilimwambia asiende. Akasema kazi ya masomo ni ya watu wote. Nilimsindikiza na sufuria, nikaketi karibu na mafiga.

Inspekta alikuwako. Alikuwa amekonda zaidi. Walikuwa wameweka benchi kwenye baraza kwa ajili ya wageni, na aliketi juu yake, magoti kifuani. Ilikuwa benchi yetu. Niliijua kwa ufa uliokuwa mwisho wake, ambao uliwahi kunibana paja. Darasani haikuhitajika tena. Nilimsikia akimuuliza Direkta: "Ba benchi ya mwisho bote balipita?"

"Kalasi nzima, Sitwayeni. Hakuna aliyeanguka."

Haukuwa uongo. Aliyeachwa nje hawezi kuanguka. Inspekta alitikisa kichwa polepole na kutazama uwanja, juu ya vichwa vyetu, mbali, kama mtu anayehesabu mabehewa. Kisha mama akamletea sahani, akala. Njiani tukirudi mama alisema: "Nilimwekea paja la kuku."

Mwaka uliofuata nilirudi mpaka mlangoni mwa darasa. Benchi haikuwako. Mama hakunilazimisha. Nikaenda kujifunza kutengeneza kinga.

Si haki niache hapo, kama vile aliharibu tu. Dada yangu alikuwa ameanzishwa na yule mwalimu wetu aliyeshushwa. Leo yeye ndiye anayesomea mtaa mzima barua, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na akimaliza anauliza, umeelewa? Wako wengi kama yeye mjini hapa. Ukiwauliza wanasema ni yule mwalimu. Yule mwalimu anasema ni Inspekta.

Na kuna jambo moja alilonisimulia mwalimu, ambalo sikujua niliweke wapi, basi naliweka hapa. Wakati mishahara ya walimu ilipokosekana miezi mingi, walimwomba Inspekta awasemee mbele ya mkubwa aliyekuja kutoka Lubumbashi. Alikubali. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi. Ilipofika zamu yake alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Walimu walingoja. Mkubwa akatazama saa. Inspekta akakunja karatasi, akaketi. Walimu wengine walimchukia tangu siku ile. Mwalimu wetu alisema yeye hakuweza kumchukia, kwa sababu aliona mikono yake.

Nilimwona tena mwaka jana, mvua zilipoanza. Mahali pangu pa kazi ni mbele ya kituo cha reli, ambapo siku hizi watu wanangoja treni kwa majuma. Alikuja akisukuma kinga yake, mnyororo ukining'inia. Abakosti ilikuwa ileile, vifungo tofauti. Amekwisha kustaafu, na mafao yake, watu wanasema, bado yako njiani.

"Fundi," akasema, "mnyororo umenikatala."

Nilimjua kwa shingo. Nilipindua kinga na kuanza. Akaomba maji. Kopo langu lilikuwa limejaa, hujaa kila mara. Alikunywa, akafuta mdomo, akaketi kwenye kreti ya chupa, na magoti yakapanda. Nilitoa pingili iliyokwisha. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

"Papa Inspekta," nikasema. Ilitoka.

Akanitazama. Akaniuliza mimi ni wa masomo gani. Nikamwambia, na mwaka.

"Ah. Mwaka ule mulipita bote."

"Si bote."

Nikamwambia nilikuwa wa benchi ya mbele, siku ya yule binti wa masomo matatu. Alianza kutabasamu kwa ajili ya binti, kisha akaacha.

"Ulisema utarudi," nikasema.

Alisema alikuwa amekwenda Nyunzu kusikiliza watoto wa kule, na treni ikafia kule majuma matatu. Kabla ya kuondoka, kwa kuogopa kuchelewa, alimtilia Direkta sahihi kwenye karatasi tupu, na kumwambia aandike majina ya wote, hata ya wale aliokuwa hajawasikia, kwamba yeye atabeba kosa hilo. Nikamwambia Direkta hakuandika wote.

"Najua," akasema. "Niliporudi nilihesabu majina. Niliona banakosekana batatu. Hata ku karamu nilijua." Alishika kopo kwa mikono miwili. "Walikuwa wanatusifu, mwanangu. Mara ya kwanza. Nilitaka kusema, halafu nilinyamaza."

Niliendelea kufunga mnyororo. Nilifikiri nitakuwa na hasira. Nilingoja ije, haikuja. Mvua ilikuwa inapiga bati la kituo, na watu waliolala juu ya mizigo yao walikuwa wanajivuta ndani.

"Lilikuwa neno gani?" akaniuliza.

Hakuwa na kitabu, wala kadi. Watu walikuwa wengi, wengine wanasikiliza. Koo langu lilifanya kama linavyofanya. Nilitazama mnyororo. Yeye alikuwa anangoja, na nilijua atangoja mpaka jua lizame kama itahitajika, kwa hiyo hakukuwa na haraka.

"*Pont*," nikasema.

"Maana yake?"

"Daraja."

"Uliliona wapi?"

"Lukuga. Umelipita leo asubuhi."

Aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa kifuani, ukaingia, ukatafuta. Ukatoka mtupu. Akajaribu mfuko wa pili. Alitazama kiganja chake kana kwamba kalamu ilikuwa ndani yake.

"Sina tena mahali pa kuandika," akasema. "Andika weye."

Nikampa kinga. Akapanda, akaenda kuelekea darajani, chini ya mvua. Safari hii hakusema atarudi.

Nilinunua daftari hili siku iliyofuata. Ndani yake nimeandika haya yote, kama alivyoniambia. Wale wawili wa benchi yangu sijui wako wapi. Mmoja walisema alikwenda Manono kuchimba. Kama daftari hili litamfikia, au kama litakufikia wewe uliyekaa benchi ya mwisho ya shule nyingine na kuambiwa nitarudi, niandikie. Na wengine pia, hata kama mlikaa mbele. Mpeni jibu yule aliyewapa daftari, litafika kwangu mbele ya kituo. Liwe fupi, hata neno moja, mwandiko wowote. Nitalisoma kwa sauti.